Gego la Sabuni

Wandegeya, Jumapili, 14 Agosti 1977

Ratiba imekamilika. Nimeibandika ukutani kwa uji wa muhogo, maana gundi haipatikani Kampala nzima. Asubuhi biolojia. Adhuhuri kemia. Baada ya alasiri fizikia, ambayo naichukia na yenyewe inanichukia. Jioni kuchonga.

Kuchonga ndiko kunakomshangaza kila mtu. Mtihani wa kuingia chuo cha meno una karatasi za kuandika, halafu una sehemu ya mikono: unakwenda na mche wako wa sabuni na kisu chako, wanakutajia jino, unalichonga. Daktari Ogwal, ambaye namsaidia kwenye kliniki yake hapa Wandegeya tangu nimalize shule, anasema wengi waliokariri vitabu vyote huangukia hapo. Yeye ndiye aliyenipangia ratiba hii. Ananiambia nisichonge jino kama ninavyolifikiria, nilichonge kama lilivyo.

Haya, sabuni iko wapi? Redio inatuambia kila siku kwamba uchumi sasa uko mikononi mwetu. Mikono yenyewe tunaiosha kwa majivu ya maganda ya ndizi! Mche nilionao ameuleta Hortense, Mkongo aliyepanga chumba chetu cha uani, kwa magendo, ameufunga tumboni chini ya kitenge kama mimba. Alinikabidhi akasema, "Uchonge meno yako, Naila, lakini bile bipande usibitupe. Miye nitaoshea mutoto nabyo."

Nimeandika karatasi nyingine kwa herufi kubwa, nimeibandika nje ya mlango wa chumba changu. NASOMA. USIGONGE.

Jumatatu, 15 Agosti

Wamegonga.

Jumanne, 16 Agosti

Leo tumeanza kufunga. Nilikuwa katikati ya figo mlango ulipogongwa, na figo imenitoka kichwani yote.

Nieleze kwa nini wanagonga, ili hasira yangu ieleweke. Sisi ni Waswahili. Babu yake baba alikuja huku na misafara kutoka Pangani, akaoa, akabaki. Nyumbani tunasema Kiswahili chetu. Bahati mbaya jeshi nalo linasema Kiswahili, chao, na majirani zetu wengi wanajua Kiganda na Kiingereza tu. Kwa hiyo askari akimkamata mtu shati, ndugu zake wanakimbilia kwa Mwalimu Sulaimani wa madrasa, yaani baba, awe mkalimani. Baba akiwa darasani, wananijia mimi. Na ni hao hao ambao kwenye bomba la maji wananyamaza tukifika, kwa sababu eti sisi ni "watu wao".

Leo alikuwa Nnalongo, mama wa mapacha wa nyumba ya pili. "Naira! Jo haraka, semea mimi kwa askali! Nabeba makaa yangu yote!" Kwa bahati baba alikuwa amerudi. Nikamfuata mpaka barabarani. Nnalongo akasema kwa Kiganda, "Mwambie ni mwizi, na mama yake alikuwa mwizi." Baba akamgeukia askari kwa adabu: "Afande, mama huyu anakuombea saumu njema. Anasema ana mapacha, na bila makaa hawatakula."

Askari akaacha gunia moja. Nnalongo akaenda zake akiamini kwamba amemtukana mtu.

Njiani nilimwambia baba kwamba huo ni uongo, tena ndani ya Ramadhani. Mkalimani kazi yake ni kusema kilichosemwa. Baba hakukasirika. Alisema, "Mimi sibebi maneno, Naila. Nabeba watu." Nikamjibu kwamba kwenye sayansi hilo haliwezekani. Akacheka, na saa nzima ya kemia ikawa imekwenda.

Jumamosi, 20 Agosti

Magego mawili ya chini. Daktari Ogwal ameyatazama, akayarudisha. "Mzizi wa nyuma umeunyoosha mno. Kwenye mdomo wa mtu hakuna fimbo." Hortense amechukua vumbi la sabuni kwenye kikombe.

Jumatano, 24 Agosti

Wamegonga. Wamegonga. Fizikia sijaigusa.

Jumatatu, 29 Agosti

Siku hii lazima niiandike vizuri.

Alasiri liligongwa lango kubwa, si mlango wangu. Alikuwa sajini mmoja wa jeshi anayekaa kwenye maghorofa ya Bugolobi. Jina lake Kamis. Majina kama lake huku hutajwa kwa sauti ndogo, kwa sababu watu aliokwenda kuwachukua hawajarudi. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba. Mama alijishika kifua. Mimi nilifikiria baba, nikafikiria Hortense na sabuni yake.

Kumbe alikuja kuuliza masuala ya dini! Alivua kofia, akakaa kwenye mkeka mbele ya baba kama mtoto wa madrasa. "Mwalimu, jino nasumbua mimi. Nataka kutoa. Lakini mimi nafunga. Damu ikiingia kwa tumbo, saumu nakufa?"

Niliuma ulimi. Damu! Huyu anaogopa tone la damu yake mwenyewe! Nilimtazama baba nikitegemea atasema neno, hata moja. Baba akajibu kwa upole kabisa: ukiitema, saumu yako ipo, ukiimeza makusudi, imekwenda. Kamis akashukuru, akauliza mpaka habari ya sindano ya ganzi. Nilikuwa na hasira, na sijui nilimkasirikia yeye zaidi au baba.

Halafu akaniambia nifuatane naye kliniki nikamsemee kwa daktari.

Daktari Ogwal kliniki hiyo aliachiwa na Mhindi aliyekuwa bosi wake, walipofukuzwa Wahindi mwaka sabini na mbili. Kiswahili hakijui. Isitoshe ni mtu wa Lira, kwao rais aliyepinduliwa, na mwaka huu jina linaloanza na O ni kosa tosha. Kibao cha nje kina jina lake. Kamis alikisoma, akakisoma tena. "Ogwal. Mutu ya Lira." Akaendelea kusema hivyo hata alipokuwa kwenye kiti. Daktari, sindano mkononi, akaniambia kwa Kiingereza, "Mwambie anyamaze, afungue mdomo."

Na mimi, mwanasayansi, nikasema: "Daktari anasema nyamaza, fungua mdomo."

Bunduki ilikuwa imelala mapajani mwake. Halafu Kamis akacheka, akafungua. Daktari Ogwal alinitazama tu, na nikaona jasho kwenye mdomo wake wa juu.

Gego la chini, kushoto, limeoza mpaka shingoni. Likavunjika. Mzizi wa mbele ukatoka, wa nyuma ukabaki ndani, na papo hapo ikaadhiniwa Magharibi. Kamis akasukuma mkono wa daktari, akainuka damu zikimchuruzika, akatema ndani ya beseni mara chungu nzima, akatoa tende mfukoni. Daktari anasema hatujamaliza. Mimi namwambia Kamis hatujamaliza. Kamis anasema, "Kesho." Akaondoka na mzizi wake.

Usiku huu mvua imeanza, mapema kuliko kawaida.

Jumanne, 30 Agosti

Hakuja. Maumivu yamepoa, bila shaka, na ukipoa unasahau.

Ijumaa, 9 Septemba

Wamepiga watu risasi leo kwenye Mnara wa Saa, hadharani, na sisi tumefunga. Redio imetangaza kama inavyotangaza mpira. Sikusoma kitu. Nilichonga chonge moja, ikawa mbaya, nikaivunja. Nilimuuliza baba kama saumu za walioshika bunduki pale bado zipo. Baba alifunga msahafu, akakaa nao mapajani.

Alhamisi, 15 Septemba

Idi. Mama amenikataza kuchonga. Nnalongo ametuletea matooke, nasi tukampa pilau. Mvua.

Jumatatu, 19 Septemba

Wamemchukua Daktari Ogwal.

Ilikuwa mchana mweupe. Nilikuwa nachemsha makoleo. Waliingia watu wa miwani myeusi, mashati ya maua, hawakuuliza jina kwa kuwa lipo kwenye kibao. Daktari alikuwa na mgonjwa kitini. Aliniambia tu, "Mmalizie pamba." Wakamtia kwenye buti la gari kama mzigo wa ndizi. Nilitoka barabarani nikapiga kelele, na barabara nzima ya Wandegeya, yenye wanafunzi na wauza chapati, iligeuka kutazama upande mwingine. Nnalongo alikuwa dirishani kwake. Alifunga dirisha.

Nimewachukia wote leo. Nnalongo nimemchukia mpaka nimeona haya: mimi niache figo zangu nimkimbilie na makaa yake, yeye ananifungia dirisha! Na baba, nilipomwambia aende akaseme, yeye anayewajua askari wote kwa salamu zake na tende zake, alisema, "Subiri. Ukienda leo unawakumbusha kwamba ana mtu." Nikamjibu kwamba hana mtu, ndiyo shida. Nikaingia chumbani, nikafunga.

Mtihani ni Jumatatu ijayo. Nimeitazama ratiba na nimetaka kuichana.

Jumanne, 20 Septemba

Nimesoma tangu asubuhi. Hakuna kilichoingia. Hakuna aliyegonga, wanaona haya.

Alhamisi, 22 Septemba

Kamis amerudi. Shavu limekuwa kama embe, jicho linaanza kufumba. Alipita kliniki, akakuta kufuli. "Daktari iko wapi?"

Nilikuwa na hasira kiasi kwamba woga haukupata nafasi. Nikamjibu, "Mnaye nyinyi, Afande." Baba akaanza kusema kitu, nami nikaendelea. Nilikwenda chumbani nikaleta gego langu la sabuni, lile la mwisho, lenye mzizi wa nyuma uliopinda kama ulivyo. Nikampa mkononi. "Hili ni jino lako. Huu wa mbele ulitoka. Huu wa nyuma umo ndani, unaoza. Anayejua ulivyokaa ni yule aliyeuacha."

Akaligeuza geuza kwa vidole vikubwa. "Wewe nafanya hii?"

"Mimi."

"Basi wewe toa."

"Mimi ni mwanafunzi, Afande. Hata mtihani sijafanya."

Aliliweka gego mfukoni, akaondoka nalo. Gego langu bora! Mama ameniambia nina wazimu. Baba, baada ya Isha, alikaa mlangoni kwangu akanisikiliza nikikariri mishipa ya uso, ingawa haelewi hata jina moja.

Jumapili, 25 Septemba

Mvua kutwa. Hortense ameniletea mche mpya wa sabuni kwa ajili ya kesho. Nguo imepigwa pasi. Kisu kimenolewa. Saa tatu, ukumbini, Nakasero.

Jumatatu, 26 Septemba

Niko tayari nimevaa, mche wa sabuni kwenye mkoba, lango likagongwa. Kamis. Jicho la kushoto limefumba kabisa. "Daktari iko. Kuja kusema."

Nilimwambia nina mtihani. Akafungua mlango wa Landrova. Baba akasema naye atakuja. Kamis akasema hapana. Baba alinishika bega, akaninong'oneza, "Beba mtu." Basi.

Daktari Ogwal alikuwa kwenye benchi la wagonjwa, katikati ya askari wawili. Amekonda kwa wiki moja. Mkono wa kulia umefungwa kitambaa cha shati, na vidole vilivyochungulia vilikuwa vimevimba kama ndizi mbivu. Aliniona nilivyovaa. "Si leo mtihani wako?" Nikasema ndiyo. Nikaanza kulia, na kulia kwenyewe kukanikasirisha. Akasema, "Basi tusikucheleweshe."

Hakuweza kushika chuma. Alisimama nyuma yangu akanielekeza, na mimi, kabla ya kila kitu, nilimwambia Kamis kwamba mikono itakuwa yangu kwa kuwa mkono wa daktari wameuvunja. Nililisema hivyo hivyo, neno kwa neno, na silijutii. Kamis alitazama kile kitambaa, akatazama sakafu, akafungua mdomo.

Ganzi iliyobaki ilikuwa kidogo, na kwenye usaha haishiki vizuri. "Mzizi wa nyuma," alisema Daktari. "Umeuchonga sana, unaijua njia yake. Usivute. Zungusha, polepole, kama unafungua kufuli." Nikaingiza kile chuma chembamba kati ya mzizi na mfupa. Nikazungusha. Kamis alinguruma, mkono wake ukashika bunduki, ukaiachia, ukashika mguu wa kiti. Nilihisi mzizi unalegea kabla sijauona. Ukatoka mzima, mdogo, wa manjano, umepinda kwenye ncha pale pale ambapo mwanzoni niliunyoosha. Sijawahi kufurahi hivyo maishani, na hapo hapo niliona aibu kufurahi.

Kamis akatema, akasukutua. Halafu akawaambia askari wake, "Rudisha yeye."

Daktari Ogwal akaniambia kwa Kiingereza, taratibu, "Waulize kama naweza kunywa maji kwanza."

Nikamgeukia Kamis. Nikasema, "Daktari anasema usaha umefika kwenye mfupa. Lazima akisafishe kidonda mwenyewe, asubuhi na jioni, siku saba, hapa kwenye dawa zake. Akiondoka, sumu inapanda kichwani. Na anaomba maji."

Kamis alinitazama kwa jicho lake moja. "Yeye nasema kidogo. Wewe nasema mingi."

"Kiingereza ni kifupi, Afande."

Sijui kama aliamini. Nadhani alikuwa anaumwa, na mtu anayeumwa hachagui. Alimwacha askari mmoja mlangoni, akaondoka na Landrova. Daktari alipata maji. Hortense alipita na sinia lake la mihogo ya kukaanga anayouza, akamtazama askari aliyepigwa na mvua tangu alfajiri, akanitazama mimi. "Wende ku mutihani wako, Naila," alisema. "Huyu kaka ana njaa, miye nitamukaribisha." Nikakimbia.

Nimekimbia Wandegeya mpaka Nakasero kwenye mvua, mkoba kichwani. Ukumbi umefungwa. Mlangoni pana karatasi: MTIHANI UNAENDELEA. USIGONGE.

Niligonga. Niligonga mpaka mkono ukauma. Akafungua mwanamume mwenye beji, kwa upana wa uso wake tu. Akatazama tope miguuni, damu kwenye mkono wa nguo. Nikamwambia nimetoka kung'oa jino. Nikamwambia niruhusu hata sehemu ya sabuni. Akasema, "Waliofika wamefika," na akanifungia mlango usoni. Jina lake nimelisoma kwenye beji, na nitalikumbuka mpaka nife. Ni ———.

Mama amefua damu kwa sabuni yangu ya mtihani. Imetoka.

Jumanne, 27 Septemba

Kliniki tupu. Askari alikula mihogo, akasinzia. Hortense na mwanawe hawapo, wala daktari. Wameshika zile njia anazopitishia Hortense sabuni ya magendo. Nnalongo, bila kuombwa, aliwaambia waliokuja kuuliza kwamba aliwaona wakielekea Jinja. Hawakuelekea Jinja. Aliposimulia alinishika mikono yote miwili, na mimi nikamwachia anishike.

Jumatano, 28 Septemba

Kamis amekuja. Shavu limeshuka, macho yote mawili yanaona. Akakaa mkekani, kofia mapajani.

"Daktari yako nakimbia."

Baba akasema, "Mtu akiogopa hukimbia, Afande."

"Siku saba, ulisema." Ananiambia mimi. Nikasema ndiyo. "Basi wewe utaosha." Na akatoa chumvi mfukoni, ya kwake, maana anajua hatuna. Nikamwosha kidonda. Kinapona vizuri, na nakasirika kuandika hivyo.

Alipokuwa anaondoka akakumbuka. "Ile mutihani?"

Nikamwambia nilikuta mlango umefungwa.

"Nani nafunga? Sema jina. Kesho wewe utaingia, na yeye utatoka."

Nililitaka, wallahi. Jina lilikuwa mdomoni. Niliona ule uso mwembamba kwenye upenyo wa mlango, na ile beji, na sauti yake ya waliofika wamefika. Niliona chuo, na kiti changu chuoni. Nimekuwa na hasira msimu mzima bila mahali pa kuiweka, na leo mtu mwenye Landrova ananiambia niitaje kwa jina tu. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Hakunisaidia hata kwa jicho.

Nikasema, "Hapakuwa na mtu, Afande. Nilichelewa mwenyewe."

Kamis akanitazama, akalirudisha gego langu la sabuni, limeingia tumbaku, akaenda. Baba akashusha pumzi. Nikarudi humu ndani, nikalifuta lile jina la juzi kwa wino mpaka karatasi ikakwaruzika, kwa sababu nyumba yetu inaweza kupekuliwa wakati wowote. Bado namchukia yule bwana, lakini nataka arudi kwake leo, ale, alale.

Mtihani mwingine ni mwakani. Nimeandika ratiba mpya nyuma ya ile ya zamani. Asubuhi fizikia, maana ndiyo inanichukia. Adhuhuri kemia. Baada ya alasiri biolojia. Jioni kuchonga, kwa muhogo, mpaka sabuni ipatikane. Karatasi ya mlangoni nimeitoa. Mwisho kabisa wa ratiba nimeongeza mstari mmoja: Mlango ukigongwa, nafungua.

Unagongwa.